Muchwa Haukumukula Kyungu

Sha-Mapasa, amuka. Usijifanye umelala, mimi ninakujua. Hata ulipokuwa muzima, siku nilipotaka kukuuliza neno la maana, ulifunga macho ukaanza kukoroma. Leo hautakoroma. Wewe ni mwongo. Nimeandika MWONGO, na nimeandika kwa herufi kubwa kusudi ulione hata kama huko uliko ni giza. Ulikufa na uongo mu kinywa. Balikuvalisha suti, balikufunga rozari mu vidole, na mimi nilitembea nyuma ya sanduku yako nikilia mpaka sauti ikakauka, nikimulilia muntu niliyefikiri ninamujua.

Na usome polepole, sababu huu ni mukono yangu mwenyewe. Unakumbuka vile ulisemaka mbele ya bandugu yako, pombe ya munkoyo ikiwa imewachangamsha: "Ina-Mapasa anajua kupika, anajua kupigana, lakini mukimupa kalamu ataichemsha pamoja na majani ya sombe." Mulicheka. Mimi nilicheka pia, nikaendelea kuwapakulia bukari. Sasa angalia. Kisha kifo chako niliingia mu masomo ya bamama, kule bamasista banafundisha kushona na kuosha batoto, kama vile sisi hatukuosha batoto mbele yabo hawajazaliwa. Nilikaa ku benchi moja na mabibi-arusi ba juzi, magoti yakinilia, nikajifunza herufi. Nilifikiri ninajifunza kusudi nisome kitabu cha sala. Kumbe nilikuwa ninajitayarisha kukushitaki.

Ninaandika hapa ku meza yako, ile uliyoitengeneza na mbao za sanduku za sabuni. Kisha nitakuletea barua ku makaburi. Kule siwezi kukupigia kelele vile unastahili. Bantu banapita na maua yabo, na katekista wetu masikio yake imekufa lakini macho iko kali.

Habari za nyumba nitakupa haraka, hata kama haustahili. Robine ya maji iko sasa mu kona ya barabara yetu, hatutembei tena mbali na ndoo. Mutoto wetu Kabange iko na batoto, ule mukubwa alichukua pua yako, masikini. Paa inavuja palepale uliposema utapanga kesho. Kila mvua ikinyesha, nyumba nzima inataja jina yako, na siyo kwa kukubariki.

Lakini sikushika kalamu juu ya paa. Nimeishika juu ya Kyungu.

Usiniulize Kyungu yupi. Nikukumbushe, sababu ninaona wafu nabo banasahau ile haiwapendezi. Nilizaa batoto babili mara moja. Kyungu alitoka wa kwanza, Kabange akamufuata akilia kama ameachwa na treni. Tangu siku ile majina yetu ya zamani yalikufa, tukawa Sha-Mapasa na Ina-Mapasa, baba na mama wa mapasa, na bantu balitupisha ku njia. Kisha Kyungu alipata homa. Hakuwa bado kujua kukaa peke yake. Uliingia mu kaburi yake wewe mwenyewe ukamupokea kwa mikono, ukamulalisha kama ungali unaogopa kumuamusha. Ile sikuisahau. Njo maana nilikuamini kisha.

Kwetu, mumoja wa mapasa akikufa, ndugu yake haachwi hivihivi. Banachonga mutoto wa muti, wa kutosha kulala ku mukono, na anabaki mu nyumba kama mutoto. Ukimuosha muzima, unamuosha na ule. Ukimulisha muzima, ule unamupakaa uji ku midomo. Mwezi mupya ukitokea, unamupakaa pemba, udongo mweupe, mwili wote, sababu mapasa ni batoto ba mwezi. Siyo kumuabudu, hata kama katekista alisema vile mpaka mate yakamuruka. Ni kumutunza kusudi asione wivu. Mutoto anayekaa vizuri kwabo hamuite ndugu yake. Ule ametupwa, anaita.

Mujomba yangu alimuchonga. Mimi nilimufungia shanga ku kiuno, nyeupe tupu na moja ya bluu, sababu nyeupe ilikosa moja. Na Kabange alipoota meno, kila kintu tulimupa kutafuna alikitupa. Alitaka kuuma bega ya ndugu yake tu. Alama ilibaki pale. Ulikuwa unaonyesha bageni: "Muone, huyu atakuwa mwanasheria, anashika hafungui."

Kisha ile siku. Nilirudi ku soko na kikapu ku kichwa, nikakuta kikapu kingine, kile alimolala Kyungu wa muti, kiko tupu. Ulikuwa umekaa ku mulango unasugua viatu yako ya kazi. Hukuinua macho. "Bibi, muchwa," ulisema. "Umemukula wote. Nilikuta unga tu, nimeufagia, sikutaka uone." Nilianguka chini. Ulinishika mabega, ukalia na mimi. Ulilia, Sha-Mapasa! Machozi yale uliazima wapi?

Nilitaka kuita mujomba achonge mwengine. Ulisema sasa tumebatizwa, tuache, Kyungu iko na Bikira Maria. Nilikubali. Mvua ya kwanza haijaisha, ukaingia mu kiwanja na kinga. Kinga ya kijani, baiskeli nzima, ya kwanza mu barabara yetu, na kengele, na kiti cha kukalia kimeshonewa ngozi ya mbuzi ya madoadoa na manyoya yake. Ulisema Monsieur amekupa sababu wewe ni masoni anayejua kusimamisha ukuta. Monsieur, mukubwa yako wa kazi, ule Mutaliano wa ndevu nyekundu aliyekuwa anajenga nyumba za bazungu mu Elisabethville. Mimi nilijisikia mukubwa kama bibi ya chefu. Niliambia kila muntu.

Unakumbuka siku za Mungu kisha misa? Uliiosha kinga na muchanga mpaka ikangaa. Kabange mbele ku chuma, mimi nyuma kwa upande, miguu yangu inaning'inia, kitambaa changu kipya. Ulipiga kengele hata barabara ikiwa tupu. "Sikia, Ina-Mapasa, hata mbuzi banatupisha!" Na mimi nilikushika ku tumbo, nikaweka shavu ku mugongo yako. Nilikuwa na furaha. Andika mimi, soma wewe: nilikuwa na furaha.

Nilikuwa nimekaa juu ya mutoto yangu.

Ngoja. Ninaweka kalamu chini kidogo.

Sasa ninaendelea. Ulipokufa, tulitoboa sahani yako ya bati na kikombe chako, tukaviweka juu ya kaburi, vile inafanywa: kintu cha marehemu lazima kikufe nacho, kusudi kimufikie. Kinga hatukuitoboa. Bandugu yako balikuja kuichukua, nilisimama mu mulango na mwiko wa bukari mu mukono, nikasema mwenye kutaka kinga apite juu ya mwiko huu. Balienda. Kabange aliichukua, na mpaka juzi njo alikuwa anaipanda kwenda ku kazi yake ya treni.

Madamu unamujua, mutoto wa dada ya Monsieur wako, ule anakaa Bel-Air. Monsieur alipozeeka alirudi kwabo akakufa kule. Madamu alibaki huku na bwana yake. Kisha kifo chako alituma muntu kuniita: bibi ya masoni wa mujomba, aje atulelee mutoto. Nilienda. Sikuenda juu ya huruma yabo. Nilienda sababu mutoto alikuwa mwembamba kama uzi na mama yake hakujua hata kumubeba mugongoni. Nilimunenepesha. Sasa mwaka huu Madamu alipaswa kwenda kumuona mama yake mugonjwa, na mutoto alikataa kula kwa mukono mwengine. Balinitafutia karatasi za safari. Mimi, ule wa kalamu ya kuchemsha na sombe, nilipanda ndeke ku kiwanja cha Luano, na katekista alisimama chini anapunga leso kama ninaenda kuzikwa.

Ndeke ni kintu cha bantu wasiokuwa na haya. Unakaa kiti kimoja siku nzima na mugeni anakoroma ku bega yako. Tuyaache. Tulifika ku muji wa kwabo. Ni muji wa zamani sana, wa mawe, nyumba zimepandana migongoni, na ukuta muzito unazunguka yote, na nje ya ukuta, bahari. Siyo bahari ya Waswahili tunayosikia mu hadithi. Ingine, ile iko katikati ya inchi za bazungu na za Waarabu.

Niliona kule muzungu anafagia barabara. Niliona muzungu mwengine anaomba chakula ku mulango wa kanisa. Nilisimama kumuangalia mpaka Madamu akanivuta. Huku hatutembei mu muji wabo kisha saa yabo kupita bila karatasi, na kule bazungu banafagia! Ningekuwa na weye pale tungecheka mpaka kesho. Tena bamama bazee ba nguo nyeusi banakaa ku milango na kumuchunguza kila mupita njia kutoka kichwa mpaka miguu, sawasawa na huku kwetu ku sité. Bale njo nilibapenda.

Lakini ile maji sikuipenda. Muto unapita, unajua unaenda fasi fulani. Ile bahari haiende. Inapumua. Inakuja mpaka karibu na miguu yako, inarudi, inakuja, kama muntu anayefikiri kama akuambie ao asikuambie. Nililala madirisha yamefungwa, na Madamu alinicheka.

Siku moja Madamu anasema, na Kiswahili yake ya jikoni: "Nunu, leo wewe taona kitu ya kwenu. Mimi naonyesha wewe chumba ya mujomba yangu." Nunu njo jina banaita muke wa kulea batoto, nilizaa mapasa nikaishia Nunu. Nilifunga kitambaa, nikabeba mutoto, tukaenda.

Ni nyumba kubwa ya kale juu ya ukuta wa bahari. Zamani bapadri balikaa pale, sasa inawekwa bintu ya kuangalia tu. Banaita muze. Nje jua lilikuwa kali. Kuingia ndani, baridi ilinishika miguu kama mu kaburi iliyofunguliwa. Kulikuwa na gardien, mulinzi mwenye kofia, anatufuata nyuma. Mu vyumba vya kwanza kuko mapicha ya Bikira Maria mingi, na kila mara mutoto mu mikono yake iko na uso wa muzee. Kisha bantu ba mawe meupe. Huyu hana kichwa. Ule hana mikono. Mwengine ni kifua tu, bamekisimamisha ku kiti. Nilimuuliza Madamu nani alibakata. "Hakuna muntu, Nunu. Ni zamani." Nilijipiga alama ya musalaba. Mutoto ku mugongo yangu alianza kulia, mutoto anayejua kucheka na kila muntu, na hakunyamaza.

Tulipanda ngazi. Mbele sijaona, nilisikia harufu. Moshi wa kwetu, Sha-Mapasa. Moshi wa nyumba ya majani, na mafuta ya mawese iliyozeeka. Kule, mu nyumba ile ya mawe! Miguu yangu ilienda yenyewe.

Ni chumba cha Monsieur. Mikuki, vikapu, viti vya machefu. Na ku ukuta, picha kubwa ya fotografi. Monsieur angali kijana, kofia ku kichwa. Na kando yake uko wewe.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi. Nilikuwa nimesahau vile ulikuwa na mabega. Ulikuwa unacheka, lile jino lako la mbele limevunjika kidogo, na mimi nilisema kwa sauti, "Huyu! Bwana yangu huyu!" Madamu alipiga makofi. Nilitaka kukugusa. Muke muzee, mbele ya gardien, nilitaka kukugusa uso.

Kisha nikaangalia mikono.

Mukono yako inashika kinga. Kiti cha ngozi ya mbuzi, madoadoa yake, kengele yake. Na mukono ya Monsieur inashika Kyungu, vile unashika kuku uliyenunua. Munaangalia mupiga picha, munacheka nyote babili.

Sikulia. Niligeuka pole, sababu nilijua nitamuona, na nilimuona. Mu sanduku ya kioo, karibu na dirisha. Bamemuchoma na chuma, Sha-Mapasa. Chuma chembamba kimetoka chini kikamuingia mu mugongo, hapa, juu ya kiuno, kusudi asimame. Mutoto aliyekufa hajajua kukaa, bamemusimamisha miaka yote hii. Shanga ya bluu iko pale. Meno ya Kabange iko pale ku bega. Lakini pemba ilikwisha yote, hata mu macho. Amekauka. Midomo imepasuka. Na uso wake bameugeuza ku dirisha. Anaangalia ile maji siku zote, na hakuna muntu anamupa hata tone.

Madamu alikuja kusimama kando yangu. "Muzuri, eh, Nunu? Bahati yake. Kule kwenu muchwa takula yeye."

Maneno yako. Yako kabisa, kutoka mu kinywa cha Madamu, kama uliyaacha pale yaningoje.

Nilisema: "Huyu ni mutoto yangu." Akasema, "Ndiyo, ndiyo, ya kwenu." Nikasema tena: "Madamu, si ya kwetu. Yangu. Nilimuzaa." Aliniangalia vile banaangalia muntu aliyepigwa na jua, akanishika mukono, akasema twende tukanywe kitu baridi. Niliweka mukono ku kioo. Gardien alipiga kelele. Nilimugeukia: "We muchunga wafu, mimi nilimuosha huyu mbele mama yako hajakuosha wewe! Shuka!" Hakusikia neno hata moja, lakini alirudi nyuma, akavua kofia.

Nilimuinamia Kyungu. Nikamuambia mama iko hapa. Sikuwa na kintu cha kumupa, nikampulizia pumzi yangu ku kioo, kusudi apate joto. Kioo kilishika ukungu. Nikapangusa na kitambaa, nimuone vizuri. Ukungu haukutoka. Nikapangusa tena.

Ulikuwa upande wa ndani.

Njiani kurudi nilifunga macho. Madamu alifikiri nimechoka. Tulipofika Luano, Kabange alikuwa amesimama ananingoja, na kinga yako ikiegemea kiuno chake. Nilimukumbatia. Amekonda. Na neno lake la kwanza, Sha-Mapasa, sikumuuliza kintu, sikumuambia kintu, hata sasa sijamuambia, neno lake la kwanza ni hili: "Mama, robine yetu imeharibika. Maji ina chumvi."

Nilikunywa nilipofika. Maji ni tamu. Bibi yake anakunywa, batoto banakunywa, jirani banakunywa. Chumvi ni ku ulimi wa Kabange peke yake. Anakunywa asubuhi mpaka magaribi, na midomo yake inapasuka. Na mugongo unamuuma. Nilimuuliza wapi. Aliweka kidole hapa, juu ya kiuno. "Kama musumari, Mama. Nikisimama ni vizuri kidogo. Kukaa njo siwezi." Ku lupitalo bamemupiga picha ya mifupa, bamesema hakuna kintu, bamemupa dawa ya minyoo. Mwanaume wa ndevu, dawa ya minyoo.

Tena iko kengele. Mama Ngalula, jirani yetu wa Kasai, ule wa kuuzisha mikate, aliniita juu ya ukuta wa lupango: "Ina-Mapasa, ni mutoto yupi kwenu anachezea kengele ya kinga tangu asubuhi? Ananichosha kichwa." Nilimuambia batoto bote beko ku masomo. Alicheka: "Basi ule anabaki njo mubaya kuliko bote." Alirudi ku mikate yake. Mimi nilitoka nyuma ya nyumba. Kinga ilikuwa imeegemea ukuta, peke yake, mu jua. Juu ya kengele kulikuwa na kintu cheupe kidogo. Nilifikiri ni pemba. Niliweka ku ulimi. Ni chumvi.

Njo nikatuma muntu amulete shangazi yako wa Kilwa, kule ku ziwa. Alikuja juu ya kamyo ya kubeba samaki, ananuka kamyo nzima, anavuta tumbako ku pua, na kwanza alikula kuku yangu bila kuacha mufupa. Kisha nikamueleza. Nilisema tuchonge mwengine, haraka, mimi nitalipa fundi. Alinifokea kama mutoto: "Uchonge mwengine na ule angali amesimama kule? Mutoto mumoja, utamufungulia milango mibili? Ataingia kwa mumoja na kutoka na Kabange kwa mwengine." Nilimuuliza basi nani atamurudisha, bale bazungu hawawezi kunipa. Akasema: "Aliyemutoa mu nyumba." Nikasema alikufa. "Vizuri zaidi," anasema, anapangusa pua. "Hatatafuta karatasi za safari." Akaniambia tena nifanye mbele mwezi mupya haujatokea. Mwezi mupya mapasa banaitana. Kabange akiitwa na ndugu yake mwenye kiu, ataitika. Hata wewe ungeitika.

Mwezi umebaki kama ukucha iliyokatwa, Sha-Mapasa. Umebaki kidogo sana.

Asubuhi hii nilitoa kinga nje. Nilichukua kisu cha kukatia sombe, nikatoboa mupira wa mbele, nikatoboa mupira wa nyuma. Nilipasua kiti cha mbuzi. Kabange alitoka mbio, mukono ku mugongo: "Mama! Mama, unafanya nini? Na ku kazi nitafika na nini?" Nikamuambia, na miguu. "Mama, kazi iko mbali!" Nikamuambia: "Bora kazi iwe mbali." Aliangalia kinga, akaniangalia mimi. Ungeona vile alisimama. Aliuliza polepole: "Ya Baba, Mama?" Nikasema: "Ndiyo. Baba yako anaihitaji." Aliingia ndani kukunywa maji.

Unisikie sasa. Nimekuwa na weye miaka mingi kuliko ile nilikuwa bila weye. Ulikuwa bwana muzuri. Hukunipiga, hukukunywa mushahara, ulinibeba siku nilipovunjika muguu, kutoka soko mpaka nyumbani, bantu bakicheka. Njo maana inaniuma vile. Kama ungekuwa mubaya ningesema, ni tabia yake. Labda ulifikiri ni muti tu. Labda ile ubatizo ilikuchanganya, ao Monsieur alikusukuma. Labda ulitaka tu kunibeba nyuma yako nikivaa kitambaa kipya. Sitaki kujua. Utanieleza siku nitakuja huko, na utaeleza ukiwa umesimama.

Ninakuahidi hivi. Ukimurudisha, nitapakaa pemba ku kaburi yake na ku yako, yote mibili, kila mwezi, mpaka mikono yangu ikatae. Nitamuita fundi amuchongee mwili mupya, na uji ataupata. Paa nitaipanga mimi mwenyewe, na mvua ikinyesha tutataja jina yako vizuri. Usiporudi naye, usije mu ndoto yangu. Nimefunga mulango. Hata ukigonga na kengele.

Sasa nimefika ku makaburi, haya ya mwisho ninaandika juu ya goti. Hakuna muntu. Sahani yako iko bado, kikombe kimeliwa na kutu. Kinga nimeiegemeza ku musalaba yako. Mipira imekufa, kiti kimekufa, kengele nimeivunja na jiwe. Sasa ni yako. Barua ninaikunja na kuifunga ku usukani na kitambaa kile nilichopangusia kioo. Kina harufu yangu, Kyungu atakujua kwa ile. Muji uko ku bahari, nyumba ya mawe juu ya ukuta, panda ngazi, dirisha. Usibishane na gardien. Mutoe kwanza ile chuma mu mugongo, polepole, ushike kichwa chake. Mukunyweshe maji tamu. Umuweke mbele ku chuma, pale Kabange alikaaka, umushike na mukono mumoja, usikimbie ku kona.

Lala vizuri kisha, siyo sasa. Sasa simama, Sha-Mapasa. Panda kinga, uende umulete mutoto.